Mlenda kwenye meza ya Krismasi: unachosaidia, usichosaidia, na lile suala la magadi

Kila Desemba mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita Dumila yakiwa yamejaa watu wanaorudi kwao kwa sikukuu. Wengine hushuka hapo hapo stendi, wengine hushika barabara ya Rudewa kuelekea Kilosa. Wanabeba mchele, mafuta ya kula, soda na nguo mpya za watoto. Wakifika nyumbani wanakuta maandalizi yameanza: pilau, kuku, nyama ya mbuzi kama mwaka umekuwa mzuri. Na pembeni, mara nyingi kwa ajili ya bibi au babu, kuna sufuria ya mlenda na ugali wake.

Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Waliokulia huku, hasa Wakaguru, Wasagara na ndugu zao Wagogo wa upande wa Dodoma, watakwambia pilau ni ya wageni, lakini chakula chenyewe ni mlenda. Mkwe aliyetoka mkoa mwingine anausogeza pembeni kwa heshima. Watoto wa mjini hawana hata hiyo heshima: "Bibi, unavutika kama kamasi!"

Hatuandiki makala hii ili kuamua nani ana haki. Tunaiandika kwa sababu kwenye meza hiyo hiyo karibu kila mara kuna mtu mwenye presha, mtu mwenye kisukari, mjamzito, au mtu anayemeza dawa za moyo. Kwa watu hao, namna mlenda ulivyopikwa na yale wanayoutegemea uwafanyie ni mambo ya afya kabisa, si ya ladha tu.

Mlenda ni mboga gani hasa?

Mlenda ni jina la kundi la mboga za majani zenye ute, si mmea mmoja. Ulio maarufu zaidi duniani kitaalamu huitwa Corchorus olitorius. Magharibi mwa Kenya huitwa mrenda au murere, Misri huitwa mulukhiya, na Wayoruba wa Nigeria huupika kwa jina la ewedu. Huko Bangladesh na India mmea huu huu hulimwa kwa ajili ya nyuzi za magunia ya juti, jambo ambalo watu wa Kilosa, waliozoea kuona mkonge, watalifurahia: mboga yako ni binamu wa gunia lako.

Mlenda mwingine ni wa porini na ni wa ukoo wa ufuta, kama Ceratotheca sesamoides na Sesamum angustifolium. Huu ndio unaokaushwa, ukasagwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Na jikoni watu huchanganya: mlenda na bamia, mlenda na majani ya maboga, mlenda na ngogwe, wengine huongeza karanga za kusaga. Kwa hiyo mtu akisema hapendi mlenda, muulize kwanza alionja upi.

Kuwepo kwake kwenye meza ya Krismasi si ajabu. Mvua zinapoanza, mlenda wa porini huota wenyewe mashambani bila kupandwa, na mwishoni mwa Desemba majani yake huwa bado machanga. Familia isiyo na fedha ya kununua kabichi sokoni bado ina mboga ya majani siku ya sikukuu.

Kwa lishe, majani haya yako kwenye kundi moja na mboga nyingine za kijani kibichi. Yana viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, yana foleti, madini ya chuma na kalisi. Madini ya chuma ya kwenye majani hufyonzwa kwa shida yakiliwa peke yake, lakini hufyonzwa vizuri zaidi ukila pamoja na nyama au kitu chenye vitamini C kama ndimu. Sikukuu kwa bahati nzuri ndiyo siku nyama ipo. Chai nzito mara tu baada ya kula hupunguza ufyonzwaji huo, hivyo isubiri saa moja hivi.

Kwa nini wengine hawauwezi?

Mlenda si wa kwanza kuwagombanisha watu. Khalifa al-Hakim, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 996 hadi 1021, anakumbukwa kwa kupiga marufuku mulukhiya kwa raia wake. Uingereza ya leo ina ugomvi wake wa Krismasi, juu ya vikabeji vidogo vinavyoitwa kwa jina la mji wa Brussels. Ila kule tatizo ni uchungu, na uchungu kwa sehemu ni wa kurithi: watu huzaliwa na vionjio tofauti vya ulimi, na kitu ambacho wewe huhisi kina uchungu kidogo mwenzako hukihisi kama kwinini.

Kwa mlenda tatizo ni mguso. Ulimi unakutana na kitu kinachoteleza na kuvutika, na mtu asiyekizoea hushtuka kwa sababu vyakula vilivyoharibika navyo huteleza. Hilo ni onyo la mwili, si dharau kwa mpishi. Aliyelishwa mlenda tangu utotoni hana onyo hilo, maana mwili wake ulishajifunza kwamba ute huu ni salama.

Kwa hiyo mtoto anayekataa si mkaidi. Tafiti za ulishaji wa watoto zimeonyesha mara nyingi kwamba mtoto huhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au hata kumi na tano kabla hajakikubali. Kijiko kimoja leo, kingine kesho, bila kumlazimisha na bila kumwahidi soda kama zawadi. Kumlazimisha mbele ya ukoo mzima siku ya sikukuu huleta matokeo ya kinyume. Atakua akikumbuka fedheha, na mlenda utakuwa na harufu ya fedheha hiyo.

Ukitaka kuupunguza ute kwa ajili ya wageni, inawezekana. Tindikali hupunguza mvutiko, hivyo ongeza nyanya nyingi au kamua ndimu mwishoni. Usiupekeche sana. Ikiwa unatumia bamia, zikaushe vizuri baada ya kuziosha, kisha zikaange kidogo kwenye moto mkali kabla ya kuongeza maji. Na acha magadi, ambayo yana sehemu yake hapa chini.

Ute unafanya nini tumboni?

Ute wa mlenda na bamia ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji. Zikifika tumboni hutengeneza kitu kizito kama uji, na chakula hutoka tumboni kwenda kwenye utumbo mwembamba taratibu zaidi. Sukari inayotokana na wali au ugali nayo huingia kwenye damu polepole badala ya kupanda ghafla. Nyuzinyuzi za namna hii pia husaidia choo kiwe laini, na zikiliwa mara kwa mara husaidia kidogo kushusha lehemu kwenye damu.

Hii ndiyo sababu mboga zenye ute ni chaguo zuri kwa mtu mwenye kisukari. Lakini tuseme ukweli ambao wapenzi wa mlenda hawapendi kuusikia. Mlenda huteremsha ugali. Tonge halihitaji kutafunwa, linateleza tu, na mtu hujikuta amemaliza ugali mara mbili ya ule ambao angekula na maharage. Nyuzinyuzi zinachelewesha sukari, haziifuti. Ukila mlima wa ugali, sukari ya mlima huo itafika kwenye damu, itachelewa tu kidogo njiani.

Mwenye kisukari asitumie mlenda kama ruhusa ya kuongeza wanga. Sahani inayofaa ni ile ambayo nusu yake ni mboga, robo ni wali au ugali, na robo nyingine ni nyama, kuku, samaki au maharage. Siku ya Krismasi maana yake ni kuchagua: ama pilau, ama ugali, ama chapati, kwa kiasi cha robo, si vyote vitatu. Soda nayo ihesabiwe, na kwa kweli ingefaa isiwepo kabisa kwenye kikombe chake.

Suala la magadi

Wapishi wengi huweka magadi kwenye mlenda. Yanalainisha majani haraka, yanaubakiza ukijani na yanaongeza mvutiko. Wengine hutumia bekingi soda ya dukani, na wengine maji ya majivu yaliyochujwa. Kila kimoja kina shida yake, na hapa ndipo tungependa msomaji atulie kidogo.

Magadi na bekingi soda vyote vina sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi, ambayo huongeza presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda peke yake kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, kiasi cha miligramu 1,200 hivi. Kwa maneno mengine ni zaidi ya nusu ya kiwango cha siku nzima, na haina ladha ya chumvi. Kwa hiyo mpishi huonja, haoni chumvi, na huongeza chumvi juu yake.

Tusitiane hofu isiyo na sababu. Chembe kidogo kwenye sufuria ya watu kumi si sumu. Tatizo ni kwamba magadi hayapimwi kwa kijiko, hupimwa kwa jicho, na siku ya Krismasi mlenda hauji peke yake. Unakuja pamoja na pilau lililotiwa chumvi, mchuzi wenye viungo vya pakiti vyenye chumvi, na kachumbari iliyotiwa chumvi pia. Mtu mwenye presha anayekula kidogo kidogo cha kila kitu anaweza kuwa amekula chumvi ya siku mbili kwa mlo mmoja, huku akijisifu kwamba amekula mboga.

Magadi yana tatizo la pili. Magadi ya asili yanayochimbwa kwenye maziwa ya chumvi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Tafiti za meno zilizofanyika Tanzania zimeyahusisha na meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia katika baadhi ya maeneo, hata pale ambapo maji ya kunywa hayakuwa na floraidi nyingi. Tatizo la tatu ni lishe: magadi huharibu vitamini C na vitamini B1, zile zile unazozitafuta kwenye mboga.

Maji ya majivu hayana sodiamu nyingi, ila yana potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima si neno. Mtu mwenye ugonjwa wa figo hawezi kuitoa potasiamu vizuri, na ikirundikana kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa wa figo asile mlenda wa majivu, na kiasi cha mboga za majani kwa ujumla akipange na daktari wake.

Je, utamwambiaje bibi aliyepika mlenda kwa magadi miaka sitini? Si kwa kumwambia kwamba amekuwa akiwadhuru. Ingia jikoni mapema, muombe akufundishe kupika, kisha mwambie, "Bibi, mjomba ana presha, tumpikie wake pembeni bila magadi." Majani machanga ya Desemba hulainika yenyewe kwa dakika chache, hayahitaji msaada. Yanayohitaji ni yaliyokomaa au yaliyokaushwa, na hayo nayo yakilowekwa na kupekechwa vizuri hutoa ute wa kutosha.

Magoti na uzazi

Utasikia kwamba bamia na mlenda huongeza ute kwenye magoti. Ni maelezo yanayovutia kwa sababu ute wa sufuriani unafanana na tunavyoufikiria ule wa kwenye kiungo. Lakini ute unaoula haupiti kwenda gotini. Unabaki kwenye utumbo, sehemu yake huchachushwa na vijidudu vya utumbo mpana, na unaobaki hutoka na choo. Majimaji ya gotini hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe. Goti linalouma na kulia likikunjwa, hasa kwa mtu mzima, mara nyingi ni kwa sababu gegedu limelika. Kinachosaidia ni kupunguza uzito uliozidi, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na ushauri wa daktari kuhusu maumivu. Kula mlenda kwa sababu ni mboga nzuri. Goti lipeleke hospitali.

Imani nyingine ni kwamba mjamzito akila mlenda mtoto atateleza na kutoka kwa urahisi. Mfuko wa chakula na mfuko wa uzazi haviungani. Hakuna chakula kinacholainisha njia ya uzazi kwa kupitia mdomoni. Foleti na madini ya chuma yaliyo kwenye majani ni mazuri kwa mjamzito, ila hayatoshi kuwa badala ya vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Hatari ya imani hii si mlenda wenyewe. Ni mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa sikukuu akisubirishwa nyumbani kwa sababu "ameshakula mlenda, atajifungua tu". Akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, au uchungu ukimzidi muda, apelekwe kituo cha afya mara moja. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Kwa wanaotumia dawa

Kila sikukuu kuna watu wanaoacha dawa zao kwa siku kadhaa. Wengine wamezisahau mjini, wengine wanaona aibu kumeza vidonge mbele ya watu, na wengine wameambiwa na ndugu kwamba mlenda na mboga chungu kama ngogwe "zinatibu sukari". Hazitibu. Zinasaidia mlo uwe bora, na dawa inafanya kazi yake. Ukiacha dawa ya presha ghafla, presha inaweza kupanda ndani ya siku chache bila wewe kuhisi chochote.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa wanaotumia metfomini. Mwaka 2011 watafiti wa Bangladesh walichapisha utafiti wa panya ambao maji ya bamia yalionekana kuzuia metfomini isifyonzwe vizuri. Panya si watu, na hilo halitoshi kumkataza mtu bamia au mlenda. Linatosha kukuambia usinywe "maji ya bamia" kama dawa juu ya dawa yako, kisha ukashangaa kipimo kinapopanda. Kama umekuwa ukiyanywa, mwambie daktari wako.

Wanaotumia wafarini, kwa mfano waliowekewa vali ya moyo, wana tahadhari tofauti. Majani ya kijani kibichi yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hawakatazwi mboga. Wanachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Mtu ambaye mjini hali mboga za majani kabisa, kisha anakuja Dumila na kula mlenda mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, anaweza kubadilisha hali ya damu yake bila kujua.

Umechumwa wapi?

Mlenda wa porini huota kwenye mashamba ya mahindi, na kwa mkulima ni gugu kama magugu mengine. Siku hizi mashamba mengi hupuliziwa dawa ya kuua magugu badala ya kupaliliwa kwa jembe. Mlenda uliopuliziwa jana unaweza kuwa bado ni kijani na mzuri leo, na dawa nyingine huingia ndani ya mmea, hivyo kuosha hakuiondoi. Watoto wakitumwa kuchuma, wasitumwe kwenye shamba la mtu bila kumuuliza kama amepulizia. Sokoni muulize muuzaji mboga imetoka wapi. Si matusi, na muuzaji mzuri hatakasirika.

Chuma majani machanga tu. Mbegu zilizokomaa za Corchorus zina kemikali zinazoathiri moyo na zimewahi kuua mifugo iliyozila, kwa hiyo vitumba vikavu na mbegu visiingie sufuriani. Osha majani kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kuyakata, maana mchanga wa mvua hujificha chini yake. Ukikausha kwa ajili ya kiangazi, kausha kivulini mahali penye upepo. Jua kali huharibu sehemu kubwa ya viini vya vitamini A.

Wakati wa kutafuta msaada haraka

Ibada ya Krismasi inaweza kwenda hadi mchana, na chakula kikachelewa hadi saa tisa. Mtu anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenklamaidi, akimeza dawa asubuhi na kukaa bila kula, anaweza kushuka sukari. Atatetemeka, atatoka jasho jingi, atachanganyikiwa au kuwa mkali bila sababu. Kama anaweza kumeza, mpe haraka nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kisha ale chakula. Hapa soda ni dawa. Kama amepoteza fahamu usimpe kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya.

Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakianza kukwama, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Usisubiri wageni waondoke, na usimpe chochote ale au anywe. Tafuta usafiri wakati huo huo, na mbebe na vidonge vyake vyote ili daktari ajue anatumia nini.